Walitupa mgongo: kisa cha shoo ya sarakasi Dodoma na watu wa mzunguko

Naandika hiki kisa kwa ajili ya yeyote anayepanga kuleta shoo ya sarakasi mikoani, au anayesimamia watu getini kama nilivyokua mimi. Majina ya kundi, promota, uwanja na shule nimeyatoa yote, na vitu vidogo vinavyoweza kumtambulisha mtu nimevibadilisha, ila mambo yalivyofuatana ndo yalivyokua.

Mazingira ya kisa

Kundi lilikua na wanasarakasi kama ishirini, wengi vijana wa Kitanzania, wawili watatu kutoka Kenya na dada mmoja wa Ethiopia ambae ndo alikua anafanya vitambaa, yaani kile kipande anachopanda mtu juu kwenye vitambaa viwili virefu, anajiviringisha, alafu anajiachia anashuka kwa kasi mpaka unashika kichwa. Walikua wanazunguka mikoa, wametoka Morogoro, wakimaliza Dodoma wanaenda Singida alafu Tabora. Promota alikodi uwanja wa wazi wenye jukwaa kuu lenye paa upande wa magharibi, na mzunguko usio na paa upande wa mashariki. Pande mbili zilizobaki zilifungwa. Shoo zilikua mbili, Jumamosi na Jumapili, zote zianze saa kumi jioni. Tiketi ya mzunguko elfu tano, mtoto elfu tatu, na viti vya plastiki chini kwenye majani mbele ya steji elfu ishirini.

Kazi yangu mimi ilikua mageti na wahudumu. Nilikua na vijana kumi na wanne, karibu wote wanachuo wa UDOM, tumefanya nao kikao kimoja tu siku ya Ijumaa.

Mwezi ulikua wa saba. Anaeishi Dodoma anajua maana yake, vumbi, upepo wa mchana unaoamka saa tano na kuendelea, kisulisuli kinapita kinabeba mifuko na majani makavu, alafu jua likizama inaingia baridi ambayo mgeni wa kutoka Dar haamini kama hii ni Tanzania ileile. Promota alitoka Dar. Hakuna aliyemwambia na mimi nikiwemo, maana kwetu sisi upepo wa mwezi wa saba ni kitu cha kawaida mpaka hatukioni.

Hamu ya watu ilikua kubwa mno. Tangu Ramadhani Brothers washinde lile shindano la Marekani la America's Got Talent: Fantasy League mwaka 2024, wale vijana wetu wawili ambao mmoja anasimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake na yule wa chini anapanda ngazi, kila mtoto wa mtaani anajua sarakasi ni nini. Ila anaijua kupitia simu. Hili nitalirudia huko mbele kwasababu lilichangia sana.

Kitu cha mwisho kwenye mazingira ni steji. Steji ilijengwa ikiangalia magharibi, yaani inaangalia jukwaa kuu, nyuma yake pana fremu ya vyuma ya kufungia vitambaa na bembea, na nyuma ya fremu bango kubwa la wadhamini, limefunika karibu upana wote. Sababu yake inaeleweka, mgeni rasmi anakaa jukwaa kuu, viti vya elfu ishirini viko upande huo, kamera ziko huko. Kwaiyo mtu wa mzunguko, ambao kwa idadi ndo walikua wengi kuliko wote, alikua anaangalia steji kwa nyuma. Bango lenyewe lilinyanyuliwa juu kidogo ili eti nao waone chini yake. Mimi niliipita ile steji mara ishirini siku ya Ijumaa na sikuwahi kwenda kukaa upande wa mzunguko nikaangalia.

Jumamosi ilivyoenda

Mageti yalitakiwa kufunguliwa saa nane mchana. Tulifungua saa tisa na robo kwasababu kifaa cha kusoma tiketi za kwenye simu kilikua kinatafuta mtandao, na tulikua na sehemu moja tu ya kukagua wanawake, wakati zaidi ya nusu ya foleni ilikua ni wamama na watoto. Shoo ikaanza saa kumi na dakika hamsini. MC akasalimia "Mbukwenyi!", watu wakaitika kwa nguvu, akatoa tangazo kwamba watoto wasijaribu haya mambo nyumbani, alafu ngoma zikaanza. Hilo tangazo lilitoka mara moja tu na wakati linatoka bado nilikua na watu kama mia mbili nje ya geti.

Mwanzo ulikua mzuri. Piramidi ya watu tisa, kijana wa baiskeli ya tairi moja, mabinti wa kujikunja wakinywa maji kwenye glasi iliyoshikwa na miguu yao wenyewe. Nilikua nasikia makofi kutoka jukwaa kuu na nikajiambia mambo yanaenda.

Sasa katikati ya kipande cha viti, mhudumu wangu mmoja akaniletea mtoto wa kama miaka mitano aliyempoteza mama yake, akasema mama yuko mzunguko. Nikambeba nikapanda nae huko. Na pale ndo nikaona walichokua wanakiona wao.

Kijana wa viti alikua ameshapanga viti vitano, kimoja juu ya kingine, chini kuna chupa nne za glasi, na yeye yuko juu amesimama kwa mikono. Mimi nilimuona kwa nyuma. Niliona zipu ya nguo yake, niliona plasta nyeusi iliyobandikwa mgongoni pale zipu ilipokatika, niliona nyayo zake, na niliona msaidizi aliyejificha nyuma ya pazia dogo akimpa kiti cha sita kwa fimbo yenye ndoano. Kwa mbele jukwaa kuu likalipuka kwa makofi. Sisi huku hatukujua wanashangilia nini, baadae ndo nikaambiwa aligeuza kichwa akaweka tabasamu akaachia mkono mmoja, na ule mkono alioachia ulikua upande wa mbele, sisi mwili wake ulituziba.

Alafu jua. Saa kumi na moja na nusu jua la Dodoma liko chini upande wa magharibi, na mtu wa mzunguko anaangalia magharibi. Lilikua limekaa palepale usawa wa juu ya fremu, yaani kila ukinyanyua macho kumuangalia mtu aliye juu unakutana nalo. Wamama walikua wamejifunika khanga wakizishika mbele ya paji la uso kama paa. Nilimkabidhi yule mtoto kwa mama yake, na mama akanishukuru, alafu akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, hawa watageuka saa ngapi?"

Sikua na jibu.

Saa kumi na mbili kasoro upepo ukaongezeka. Juu kabisa ya fremu fundi wa kamba alikua amefunga ribon nyekundu, na muda huo ilikua imenyooka kama fimbo. Lile bango la wadhamini likaanza kujaa upepo kama tanga la jahazi na fremu nzima ikawa inalia. Fundi akasimamisha. Vitambaa, bembea, vyote vya juu, hakuna anayepanda. Promota akamuomba asubiri kidogo huenda upepo ukatulia, na MC akaambiwa apige mziki.

Kuanzia hapo zilipita dakika ishirini na tano. Hakuna mtu yuko steji, mziki unapiga, MC kila baada ya muda anasema "bado kidogo tu mambo yanakuja." Watu wanaona ribon, wanaona bango linavyopiga, wanaona mafundi wanakimbia, ila hawaambiwi kitu. Nilikua nimesimama chini ya mzunguko na nikawa nasikia maelezo yakitungwa hapohapo, mmoja anasema yule dada kaumia, mwingine anasema hawajalipwa wamegoma, mwingine anasema wanasubiri mkubwa fulani afike ndo waendelee. Kila dakika tano hadithi inakua kubwa zaidi. Zikaanza miluzi, alafu chupa za maji zikarushwa uwanjani, tupu kwanza, alafu moja yenye maji ndani. Familia zenye watoto zikaanza kushuka.

Mwisho upepo haukutulia, wakapanda vijana wa kuruka kwenye pete wakafunga shoo haraka haraka, na MC akasema asanteni Dodoma. Kuhusu vitambaa hakusema neno mpaka spika zinazimwa, na yule dada alikua kwenye tiketi, picha yake ndo ilikua imechapwa.

Getini baada ya shoo

Nilifungua kaunta buku nikawa naandika malalamiko, maana watu walikua wamenizunguka na nikaona bora nionekane naandika kuliko nionekane nabishana. Nilijaza ukurasa na nusu. Usiku nilivyosoma tena nilishangaa, kwasababu nilitegemea wote waseme "hatujaona vitambaa," kumbe waliosema hivyo ni wachache. Wengi walisema hawakuambiwa. Na wengi wa mzunguko walisema kitu kilekile kwa maneno tofauti: walitupa mgongo.

Kulikua na mzee mmoja wa Chamwino, alikuja na wajukuu, yeye hakua na hasira. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, ngoma ya kwetu ukisimama popote unaiona." Nimeifikiria hiyo kauli mara nyingi. Ngoma ya Kigogo ikichezwa kijijini, wamama na ngoma zao za muheme wako katikati, watu wanazunguka, anaechelewa anasogea tu kwenye duara, hakuna upande wa nyuma.

Maamuzi, na kwanini yalifanyika

La kwanza ni la fundi kusimamisha vipande vya juu, na lilikua sahihi bila mjadala. Nilimuuliza usiku ule akanieleza kwa utulivu. Mtu kwenye kitambaa hawezi kujizuia na upepo, kitambaa chenyewe kinavuta, anaanza kuzunguka pasipo kupanga na akijiachia kushuka anaweza kukuta fundo halipo pale alipoliweka. Bango nalo linaisukuma fremu yote. Na jua, hili sikulitegemea, kijana anaemdaka mwenzake kwenye bembea alikua anaangalia magharibi, jua lipo machoni mwake. Akasema, "Upepo ungetulia bado nisingempandisha mtu mpaka jua lizame."

Uamuzi wa pili ni wa kukaa kimya, na huu ndo uliotuumiza. Promota aliogopa kwamba akisema vitambaa havipo watu watadai hela, na aliamini kwa dhati upepo utatulia. Sio mtu mbaya, alikua na wasanii ishirini wa kulisha na basi la kulipia. Sema aliwaficha watu jambo ambalo walikua wanaliona kwa macho yao.

Uamuzi wa tatu nilipendekeza mimi. Kurudisha hela kulishindikana maana sehemu kubwa ilishalipia uwanja, jenereta na mafuta. Nikasema waliokuja leo waingie kesho bure. Tatizo likaja, tunawatambuaje? Tiketi za karatasi tulizichana getini tukabaki na kipande kikubwa, wao vile vipande vidogo wengi walivitupa, na za kwenye simu mfumo ulishaandika zimetumika. Promota akasema mji mzima utakuja kudai ulikuepo. Nikamwambia tukubali tu, anaesema alikuepo tumuulize ameona nini, akijibu anaingia. Akakubali kwa shingo upande, ila alikubali, na namheshimu kwa hilo. Tangazo lilitoka redioni usiku uleule na likasambaa kwenye magrupu ya wasap ya mitaa, Kisasa, Area D, Nkuhungu, Chang'ombe.

Cha nne ni kikao. Tulikaa pembeni ya steji mpaka saa sita usiku, wasanii wamejifunga mashuka kwa baridi, na nikawasomea kaunta buku mstari kwa mstari. Nilivyofika kwenye "walitupa mgongo" kijana wa viti aliinamisha kichwa. Akasema kwenye mazoezi huwa wanaangalia ukuta wenye kioo, kwaiyo mbele kwao ni pamoja tu. Hakuna aliyewahi kuwauliza kuhusu upande wa pili.

Jumapili

Fremu isingeweza kuhamishwa usiku mmoja, ila vilivyobaki vyote vilihamishika. Bango lilishushwa kabisa, mdhamini akapigiwa simu asubuhi akaelewa, akawekewa vibango vidogo kwenye uzio. Vipande vya chini vyote vilitolewa kwenye steji vikahamia kwenye mikeka katikati ya uwanja. Viti vya plastiki vikapangwa nusu duara kwa mbali, na watoto wakakalishwa chini mbele kabisa. Muda ukasogezwa kutoka saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, ili vya juu vifanyike jua limeshazama, maana Dodoma mwezi wa saba linazama kama saa kumi na mbili na nusu na kitu, na mara nyingi upepo wa mchana nao unapungua muda huo.

Kijana wa viti alifanya kitu kidogo sana. Aligeuza meza ya chini robo, basi. Jukwaa kuu likamuona ubavu na mzunguko ukamuona ubavu. Na mtu aliyesimama kwa mikono ubavu ndo unaona kila kitu, mgongo ulivyojipinda, miguu inavyotafuta mizani, kifua kinavyohema. Watu wa jukwaa kuu ambao hawakua na malalamiko yoyote jana nao walipata kitu kizuri zaidi. Piramidi ilijengwa mara mbili, moja inaangalia huku moja kule, na kijana wa baiskeli akazunguka uwanja mzima badala ya kuzunguka steji.

Getini tukawauliza wanaodai walikuepo jana, "Uliona nini?" Wengine walielezea vizuri, wengine walibabaika tukawapitisha tu. Mtoto mmoja hakujibu kwa mdomo, alipanda mabegani kwa baba yake akanyoosha mikono, na foleni yote ikapiga makofi. Waongo walikuepo bila shaka, hatukuhangaika kuwahesabu.

Alafu ikafika zamu ya vitambaa, saa moja kasoro, na upepo bado upo. Moyo ulinidunda. Ila safari hii MC alijua cha kufanya, alimpa maiki fundi mwenyewe. Fundi sio mtu wa kuongea, alishika maiki kama ameshika spana. Akasema, "Wazazi wangu, ndugu zangu, pale juu nimefunga ribon nyekundu. Ikiwa inapepea hivyo sipandishi mtu. Ikilala kwenye chuma, dada anapanda. Naomba tusubiri wote." Kijana wa taa akaimulika ribon peke yake, sehemu nyingine yote ya uwanja ikawa giza.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu wote waliokua pale wakawa wanaangalia kipande cha kitambaa kisichozidi urefu wa mkono. Inapepea, inashuka, watu "eeeh," inanyanyuka tena, "aaah." Watoto wakaanza kuiambia "lala! lala!" na mzunguko wote ukadaka, lala, lala, wamama wanapiga vigelegele ikishuka kidogo. Zilipita dakika kumi na saba, nilikua naangalia saa, na hakuna chupa hata moja iliyorushwa. Ribon ilivyolala ikatulia kwenye chuma ule uwanja ulipiga kelele kama timu imefunga goli dakika ya tisini, na dada wa Ethiopia hajapanda hata hatua moja.

Alivyopanda wakanyamaza. Alivyojiachia ule mshuko wa mwisho nilisikia pumzi ya watu wote ikivutwa kwa pamoja.

Matokeo

Jumapili kaunta buku ilipata mistari sita. Mitatu ni choo, mmoja spika za upande wa mzunguko zilizokua zinakwaruza, mmoja bei ya maji, mmoja baridi. Waliobaki mpaka mwisho walikua karibu wote. Kwa hela promota alisema hakupata faida Dodoma, ila alienda Singida na mpangilio uleule wa mikeka katikati, na fundi ameniambia kipande cha ribon kimekua sehemu ya shoo, hata siku isiyo na upepo wanaimulika kwanza watu wahakikishe imelala.

Uchambuzi

Nianze na mgongo, kwasababu naona ndo mzizi. Sarakasi haikuzaliwa na upande wa nyuma. Philip Astley alivyoanza maonyesho yake London mwaka 1768 alikua anapanda farasi akizunguka kwenye duara, kwasababu farasi akikimbia kwenye mduara mtu anaesimama juu yake anapata mizani, na lile duara likaja kukaa kwenye upana wa kama mita 13, ndo hilohilo mpaka leo kwenye sarakasi nyingi za mahema. Watu wanakaa kuizunguka. Sisi huku tumeipata zaidi kwa njia nyingine, vijana wetu walipelekwa China kusomea sarakasi miaka ya 1960, na vitu vingi tunavyoviita vya kwetu leo kama viti na kuzungusha sahani vimepita huko, na ni vya kufanyia jukwaani kwenye ukumbi wenye pazia, watu wote wako mbele. Hakuna ubaya hapo. Ubaya unakuja ukichukua shoo ya ukumbi ukaiweka kwenye uwanja uliouza tiketi pande mbili. Unakua umeuza tiketi za nyuma ya pazia na hujamwambia mnunuzi. Ukijua steji itaangalia upande mmoja, usiuze upande wa pili, au geuza shoo. Mimi nilikua na siku nzima ya Ijumaa ya kwenda kukaa kwenye kile kiti cha elfu tano kwa dakika mbili, na ningeona kila kitu.

Kuhusu simu. Mtu aliyezoea kuona sarakasi kwenye simu yuko mita mbili kutoka kwa msanii, kamera inamfuata uso, inageuka nae. Akija uwanjani anakuta mtu mdogo kwa mbali na ameangalia kwingine. Tungeweka skrini kubwa upande wa mzunguko? Ilijadiliwa, hela haikuepo, na kiukweli nafurahi haikuwekwa maana ingetufanya tuone tatizo limeisha. Kugeuza meza robo hakukugharimu kitu.

Kuhusu ukimya. Usalama wa msanii na furaha ya mtazamaji vilionekana kama vinagombana Jumamosi, fundi upande huu promota upande ule. Jumapili ikaonekana havikua vinagombana hata kidogo. Upepo ni uleule, kusubiri ni kulekule, tofauti ni kwamba watu walipewa kitu cha kuangalia na sababu ya kusubiri, na waliipokea sababu hiyo kutoka kwa mtu anaehusika nayo, mikono yake ina grisi. MC angesema maneno yaleyale isingekua vile. Na jambo lingine, watu wa Dodoma wanaujua upepo kuliko sisi tuliokua tunauficha. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi hahitaji kudanganywa kuhusu upepo.

Sasa vilivyofeli, na hapa sitaki kupita haraka maana kwenye vikao vya baadae kila mtu anapenda kusimulia ribon tu.

Marekebisho yetu yaliwafaa wa mjini. Kusogeza muda kulituokoa na jua na upepo, ila shoo iliisha saa mbili na nusu usiku, Jumatatu ni shule, na anaekaa nje ya mji saa hizo daladala anaitafuta kwa shida na bodaboda zinapandisha bei. Yule mzee wa Chamwino sikumuona Jumapili. Nilimtafuta kwa macho kwenye mzunguko mara nyingi.

Tangazo la watoto wasijaribu. Jumapili tulilirudia mara tatu, moja ikisemwa na yule kijana wa viti mwenyewe akieleza amefanya mazoezi miaka mingapi na ameanguka mara ngapi. Jumamosi lilisemwa mara moja kwa uwanja nusu tupu. Wiki ile mwalimu mmoja aliniambia wavulana watatu walijenga piramidi kwenye sakafu ya darasa, wa juu akaanguka akategua mkono. Umepona. Ila ule mkono ulikua kazi yetu.

Mwalimu huyo ndo wa ile shule iliyokuja Jumamosi na watoto arobaini na mmoja na walimu watatu, wamechangishana nauli ya gari miezi miwili. Walikaa mzunguko safu za chini, jua usoni, wakaona migongo, wakasubiri dakika ishirini na tano, wakaondoka. Ofa ya Jumapili haikuwasaidia kitu, gari lilishalipwa safari moja. Nilivyompigia kuomba radhi mwalimu hakukasirika, alisema tu watoto wanamuuliza kama yule dada wa kwenye tiketi yupo kweli.

Nina orodha yao kwenye kaunta buku ileile, ukurasa wa mwisho, majina arobaini na moja kwa mwandiko wa mwalimu. Promota amesaini chini yake kwamba kundi likirudi kanda ya kati watafuatwa na gari na watakaa kwenye mikeka mbele. Nampigia simu kila mwanzo wa mwezi. Mara ya mwisho alisema wanapanga kurudi baada ya mvua, nikamuuliza tarehe, akasema bado, nikamwambia sawa, nitapiga tena tarehe moja.